Miaka Miwili ya Saikolojia Ina Bei Gani?

Kila mwaka barua za udahili zikianza kutoka, kuna mtu huniandikia WhatsApp: nimepata chuo cha jamii Marekani, nataka kufanya saikolojia, miaka miwili, je, italipa? Wananiuliza mimi kwa sababu ninaandika, na mwandishi hudhaniwa ana majibu. Au wananiuliza kwa sababu niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili, na wanaamini mtu wa aina hiyo hana sababu ya kuwapambia digrii.

Jibu la haraka lipo. Ofisi ya takwimu za kazi ya serikali ya Marekani hutoa kila mwaka jedwali la mapato kwa kiwango cha masomo. La 2023 linasema mfanyakazi wa kati, mwenye miaka 25 na zaidi na kazi ya muda wote, alipata dola 899 kwa wiki kama alikomea shule ya upili. Aliyeingia chuo akatoka bila karatasi, dola 992. Aliyemaliza digrii ya miaka miwili, ile wanayoiita associate, dola 1,058. Mwenye digrii ya miaka minne, dola 1,493.

Piga hesabu mwenyewe. Kati ya mtu aliyetoka mikono mitupu na aliyetoka na karatasi ya miaka miwili kuna dola 66 kwa wiki, kama Sh8,500 zetu. Kati ya karatasi ya miaka miwili na ya minne kuna dola 435. Ukiziangalia nambari hizo mbio mbio utasema hiyo ya miaka miwili ni kupoteza wakati tu. Lakini jedwali hilo ni sufuria moja ambamo nesi, fundi wa mitambo na mtu wa saikolojia wamepikwa pamoja. Nesi wa miaka miwili anatoka na leseni na anaanza kazi kama nesi kamili. Wa saikolojia anatoka na karatasi, na hakuna mlango wa saikolojia unaofunguliwa na karatasi hiyo. Walikuwa chuo kimoja, karo moja, pengine benchi moja kwenye darasa la biolojia. Ukitafuta sababu kwenye mtaala hutaipata. Inabidi kurudi nyuma kama miaka mia moja na ishirini na kitu.

Tuanze Chicago. Rais wa kwanza wa University of Chicago, William Rainey Harper, alikuwa mtu wa mipango. Aliigawa miaka minne ya chuo mara mbili: miwili ya chini na miwili ya juu. Karne ya 20 ilipokuwa inaingia, chuo chake kikaanza kumpa anayemaliza ile miwili ya chini digrii yake ndogo, hiyo hiyo associate. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wanafunzi wengi, alisema, wanang'ang'ana hadi mwisho si kwa sababu wanafaidika bali kwa sababu kuondoka katikati ni aibu. Wape mahali pa kushukia kwa heshima, washuke.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kwenye matatu. Manze, karatasi hii ilibuniwa kwa ajili ya watu kama mimi! Chuo nilichotoka hakikuwa na kituo kama hicho. Ukishuka mwaka wa pili unashuka na salio la karo, basi.

Lakini Harper hakuwa mtakatifu. Alikuwa pia na shida yake: alitaka chuo kikuu kibaki na utafiti na wanafunzi wa juu, na hawa wa mwaka wa kwanza na wa pili wakafundishwe kwingine. Mwaka wa 1901, yeye na J. Stanley Brown, aliyesimamia shule ya upili ya Joliet, mji mdogo karibu na Chicago, walianzisha masomo ya chuo ndani ya shule hiyo ya upili. Wanafunzi walikuwa 6. Joliet Junior College ipo hadi leo, na ndiyo kongwe kuliko vyuo vyote vya jamii vya umma vinavyoendelea Marekani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza taasisi hii ilikuwa na nyuso mbili: heshima kwa anayeondoka, na ufagio kwa chuo kikuu.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoigeuza kuwa jambo la taifa zima. Sheria ya 1944 iliwalipia karo wanajeshi waliorudi, na vyuo vikafurika. Rais Truman akaunda tume, na mwaka wa 1947 tume hiyo ikatoa ripoti iliyolieneza jina tunalotumia sasa, chuo cha jamii. Ilitaka miaka miwili ya kwanza baada ya shule ya upili iwe bure, karibu na nyumbani, kwa kila anayeiweza. Na nani anaiweza? Hapa ndipo saikolojia inapoingia kwenye hadithi, na haiingii kama somo. Inaingia kama ratili.

Wakati wa vita, jeshi lilikuwa limewapa mamilioni ya askari mtihani wa uwezo wa akili uliotungwa na wanasaikolojia, ili kujua nani apelekwe wapi. Tume ya Truman ikachukua matokeo ya mtihani huo na kuyageuza kuwa sera: angalau asilimia 49 ya watu wanaweza kumaliza miaka 14 ya masomo, na angalau asilimia 32 wanaweza kwenda mbele hadi masomo ya juu au ya taaluma. Toa 32 kwenye 49. Unabaki na 17, watu ambao miaka miwili ya chuo ilionekana kuwa ndiyo kipimo chao. Kwa wakati wake ripoti ile ilikuwa ya ukarimu mkubwa, hilo nalikubali, kwa sababu wengi walidhani chuo ni cha watu wachache sana. Ila ule mstari kati ya 49 na 32 ulichorwa kwa kalamu ya mwanasaikolojia.

Na miaka hiyo hiyo, wanasaikolojia walikuwa wakichora mstari mwingine, huu wa kwao wenyewe.

Kabla ya vita, mwanasaikolojia wa Marekani kwa kawaida alikuwa mhadhiri au mtu wa kupima watoto shuleni. Kutibu ilikuwa kazi ya madaktari. Vita vikaisha, na katika hospitali za wanajeshi wa zamani zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na matatizo ya akili. Madaktari wa akili hawakutosha. Mwaka wa 1946 shirika la serikali lililowahudumia wanajeshi hao likaanza kuwalipia watu mafunzo ya saikolojia ya tiba, kama 200 hivi katika vyuo vikuu 22, kwa sharti moja zito: mwanasaikolojia wa tiba awe na digrii ya udaktari. Agosti 1949, watu zaidi ya 70 walikutana Boulder, Colorado, kwa wiki mbili, wakakubaliana jinsi ya kumfundisha mtu huyo. Awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja, na hilo lifanyike katika ngazi ya udaktari.

Sheria zikafuata nyuma. Connecticut ilikuwa imeanza 1945 kulilinda jina la mwanasaikolojia kwa sheria. Kufikia 1977 kila jimbo lilikuwa na sheria ya aina hiyo.

Sisemi walifanya ubaya. Marekani ya miaka ile ilijaa matapeli waliojitangaza kuwa wataalamu wa akili, wakipokea pesa za watu wenye majonzi, na mtu akivunjika moyo mara mbili, mara moja na maisha na mara ya pili na mganga bandia, ni hatari kweli. Lakini angalia tarehe. Mwaka wa 1947 serikali inapendekeza mlango mpana chini ya ngazi. Mwaka wa 1949 taaluma inaweka geti lake juu kabisa. Katikati wamebaki watu wanaopanda wakidhani ngazi ni moja.

Sasa linganisha na wauguzi, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya pesa inapokuwa wazi. Marekani ilikuwa na uhaba wa wauguzi baada ya vita kama ilivyokuwa na uhaba wa watibabu wa akili. Mildred Montag, mwalimu wa uuguzi katika Teachers College ya Columbia, alikuwa ameandika tasnifu akisema kazi nyingi za muuguzi zinaweza kufundishwa kwa miaka miwili, chuoni badala ya hospitalini. Mwaka wa 1952 jaribio likaanza katika vyuo 7. Wahitimu wakaketi mtihani wa leseni wa jimbo, ule ule waliofanya wauguzi waliosoma muda mrefu zaidi, na wakafaulu. Wakasajiliwa. Kuanzia hapo, mtu wa miaka miwili akawa muuguzi kwa jina, kwa sheria na kwa mshahara.

Montag mwenyewe hakukusudia hivyo. Alimwona mhitimu wake kama fundi wa uuguzi, daraja la kati. Lakini mlango wa leseni ulikuwa umeachwa wazi nao wakapita. Viongozi wa chama cha wauguzi wakaliona. Mwaka wa 1965 wakatoa msimamo kwamba muuguzi wa taaluma anapaswa kuwa na digrii ya miaka minne. Yaani walitaka Boulder yao. Hawakuipata. Hospitali zilihitaji watu, vyuo vya jamii vilikuwa na wanafunzi na wabunge wa kuvitetea, na wauguzi wa miaka miwili walikuwa tayari wengi mno. Jimbo moja tu, North Dakota, ndilo lililoweka sharti la miaka minne, mwaka wa 1987, na likaliondoa 2003.

Kama una jamaa Marekani, unalijua hili hata kama hujawahi kusikia jina la Montag. Wangapi waliondoka hapa na ndoto za sheria, sosholojia, saikolojia, na baada ya mwaka mmoja wa baridi wakahamia uuguzi? Huku nyumbani tunawasema eti wamependa pesa kuliko wito wao. Mimi nadhani walifanya kitu ambacho wengi wetu hatufanyi: walisoma sheria ya leseni kabla ya kusoma orodha ya kozi.

Kuna mtu aliyeona kilichokuwa kinatokea kwa wale waliobaki kwenye ngazi. Mwaka wa 1960 mwanasosholojia Burton Clark alichapisha utafiti kuhusu chuo kimoja cha miaka miwili cha San Jose, California. Aligundua kwamba kama theluthi mbili ya walioingia walisema wanakwenda kuhamia chuo kikuu, na theluthi moja tu ndio waliohamia. Hao wengine walikwenda wapi bila kelele, bila maandamano, bila hasira? Clark akajibu kwa neno alilolikopa kwa Erving Goffman, ambaye naye alilikopa kwa matapeli. Kwenye pata potea, mtu akishaliwa pesa, mmoja wa genge hubaki nyuma kumtuliza: pole ndugu, ni bahati tu, jaribu kitu kingine. Anampoza ili asiende polisi. Clark akasema chuo hufanya kazi hiyo. Kuna mtihani wa kuingia. Kuna mshauri anayekuita ofisini na faili lako. Kuna kozi ya lazima ya kukuelekeza ujipime upya. Polepole unaambiwa, tena na mtu mpole, kwamba labda ndoto yako ni kubwa kidogo kuliko alama zako.

Mtihani, mshauri, kozi ya kujipima. Hivyo vyote ni vyombo vya saikolojia. Mwanafunzi wa saikolojia wa chuo cha jamii alikuwa anasoma sayansi ile ile iliyokuwa ikitumika kumshusha ngazini. Sijui nicheke au nilie.

Hata hivyo kulikuwa na wakati ambapo mambo yalielekea kubadilika, na ni kipindi ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Oktoba 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili mitaani, ili watu wasifungiwe tena kwenye hospitali kubwa za mbali. Vituo vinataka watu. Mwaka wa 1965 Arthur Pearl na Frank Riessman walitoa kitabu kilichosema: waajiri maskini wa mtaa huo huo, wape kazi za kuhudumia majirani zao, kisha wajengee ngazi ya kupanda wakiwa kazini. Katikati ya miaka hiyo ya 1960, Purdue University ilianzisha Fort Wayne, Indiana, digrii ya miaka miwili ya kumwandaa mhudumu wa afya ya akili, kwa pesa za taasisi ya taifa ya afya ya akili. Vyuo vya jamii vikaiga. Kwa mara ya kwanza miaka miwili ya kusoma akili za watu ilikuwa na kazi yenye jina mwisho wake.

Katika South Bronx, New York, Hospitali ya Lincoln ilifungua vituo vidogo mitaani, kama maduka, na kuwaajiri wakazi, weusi na Wapuerto Riko, kusikiliza na kusaidia wenzao. Walijua lugha. Walijua ni jengo gani lina panya na ni landlodi gani hazimi tamaa. Kazi walifanya. Lakini Machi 1969 wafanyakazi hao waliziteka ofisi za usimamizi wa huduma hiyo. Walikuwa na malalamiko mengi, na mojawapo ni hili: ile ngazi waliyoahidiwa haikuwepo. Walikuwa wameajiriwa kama wasaidizi na wangezeeka wasaidizi, huku wenye digrii za juu wakipita juu yao wakitoka mitaa mingine.

Nani atakulipa kwa saikolojia ya miaka miwili? Jibu la miaka ile lilikuwa serikali. Basi mwaka wa 1981, chini ya Reagan, serikali kuu ikajitoa katika kuvigharamia vituo hivyo moja kwa moja, ikayapa majimbo fungu moja lililopunguzwa wagawe wenyewe. Mlipaji akishaondoka, cheo kinabaki jina tu. Wauguzi hawakuyumbishwa namna hiyo kwa sababu chini ya cheo chao kulikuwa na leseni. Wahudumu wa Fort Wayne na wenzao walikuwa na bajeti tu, na bajeti hubadilika kila uchaguzi.

Hapo ndo naweza kurudi kwenye pesa za leo bila kukudanganya. Chukua California. Vyuo vya jamii huko havikutoza karo kwa wakazi hadi 1984, walipoanza na dola 50 kwa muhula. Sasa ni dola 46 kwa kila yuniti. Digrii ya miaka miwili ni yuniti 60. Jumla dola 2,760, kama Sh356,000, kabla ya nyumba, chakula na vitabu. Hiyo ni bei ya mkazi. Anayetoka nje ya jimbo au nje ya nchi hulipa mara kadhaa zaidi, na broshua haianzi na ukurasa huo. Tangu sheria ya 2010, mwenye digrii ya kuhamia, ikiwemo ya saikolojia, ana nafasi iliyohakikishwa katika mfumo wa California State University, na yuniti zake 60 zinahesabiwa. Kwa mtu huyo, miaka miwili ya saikolojia ni nusu ya digrii kwa bei ya chini sana. Hiyo thamani ni ya kweli kabisa. Ila ni thamani ya daraja, na nusu ya daraja haikuvushi mto.

Kuna utafiti wa wachumi Thomas Kane na Cecilia Rouse, wa 1995, ninaoupenda kwa sababu za wazi. Walikuta kwamba walioingia vyuo vya miaka miwili walipata wastani wa asilimia 10 zaidi ya wasioingia chuo kabisa, hata bila kumaliza. Faida ya mwaka mmoja wa krediti ilikuwa karibu sawa, uwe ulizipata chuo cha jamii au chuo kikuu. Kwa hiyo kile unachojifunza kina bei hata bila karatasi. Lakini hapo pia nesi na mtu wa saikolojia wamo sufuria moja, na tafiti za baadaye zilizotenganisha masomo zimerudia kukuta kwamba kozi za afya ndizo zinazolipa zaidi.

Na digrii ya miaka minne ya saikolojia? Nayo haikupi leseni. Mlango wa kwanza uko juu yake. Virginia ilikuwa ya kwanza kuwapa leseni washauri nasaha wa ngazi ya uzamili, 1976, na California ya mwisho, 2009. Ilichukua miaka 33 kwa geti la Boulder kupata mlango mdogo pembeni katika majimbo yote. Anayeanza leo na miaka miwili anahitaji kama miaka minne zaidi kuufikia, na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi baada ya hapo. Hiyo ndiyo gharama yenyewe. Dola 2,760 ni nauli ya kituo cha kwanza.

Sisi tuna geti letu pia. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ilipitishwa Kenya mwaka wa 2014, na iliweka bodi ya kuamua nani anasajiliwa. Hapa mjini, ukipanda ngazi za jengo lolote lenye chuo orofa ya tatu, utapata bango la cheti au diploma ya ushauri nasaha, na ofisini msichana atakupa fomu, karatasi ya ada na nambari ya paybill. Mwezi uliopita niliingia sehemu moja kama hiyo nikauliza mhitimu wao husajiliwa kwa ngazi gani na bodi. Aliangalia kompyuta, akaniuliza kama ningependa kulipa kwa awamu.